Batoto wapime mayi, wasiue samaki

Bandugu wachimbaji, mwalimu wa kemia hapa Kamina akiomba mutoto wenu jaribio la samaki na mayi, musimuache atie samaki mu mayi ya mugodi. Samaki anaweza kufa, na mutoto hatajua ni nini imemuua.

Afanye hivi. Achemshe maua mekundu ya ngai-ngai, achuje, yapoe. Atie kidogo mu bilauri tatu: ya mayi ya ndimu, ya mayi ya majivu, na ya mayi aliyochota mu bokali ya samaki. Kwenye ndimu rangi inabaki nyekundu. Kwenye majivu inageuka kijani. Ile ya samaki ailinganishe na hizo mbili.

Sisi tunajua kazi ya asidi: inayeyusha shaba mu mawe. Shaba hiyo ikifika mutoni inaharibu mashavu ya samaki, anakosa pumzi. Mwaka 2021 mayi machafu ya mugodi mumoja wa Angola yaliua samaki mu mito Tshikapa na Kasai.

Lakini muangalie: ngai-ngai inaonyesha asidi, haionyeshi shaba. Rangi nzuri si ruhusa ya kunywa. Shaba inapimwa mu maabara, na vipimo hivyo sendika iviombe, bavisome mbele ya wote.