Net Ikiwa Nzito, Usikimbilie Kuongeza Bando

Wanachuo wenzangu, tuna jibu moja kwa kila tatizo la intaneti: "Net mbovu leo." Ukurasa ukichelewa, net mbovu. Video ikikwama, net mbovu. Kisha tunaongeza bando, na uzito unabaki palepale.

Makala hii ni kwa wanaotumia Linux, iwe kwenye kompyuta mpakato yako au kwenye maabara ya TEHAMA utakayokabidhiwa siku ukiwa mwalimu. Huhitaji kusoma uhandisi. Uliza maswali manne kwa mpangilio, ukianzia karibu kwenda mbali.

Swali la kwanza: kutoka kwako hadi kwenye rauta, njia ni nzima? Fungua dirisha la amri, andika `ip route`. Mstari unaoanza na neno "default" una anwani ya rauta, mfano 192.168.1.1. Sasa andika `ping -c 10 192.168.1.1`. Kwa waya, jibu kwa kawaida hurudi chini ya milisekunde 1. Kwa Wi-Fi, milisekunde chache. Ukiona mamia, au majibu mengine hayarudi kabisa, tatizo limo humohumo chumbani: umekaa mbali na rauta, watu wamejaa kwenye Wi-Fi, au waya umelegea.

Swali la pili: kutoka kwenye rauta kwenda nje je? Andika `ping -c 10 8.8.8.8`, ambayo ni seva ya Google. Hapa umbali lazima uonekane. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za umbali hula milisekunde 10 kwa kwenda na kurudi kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Na kuna siku kosa liko mbali kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa nzito Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo rauta inajibu vizuri lakini nje pamekwama. Hapo ni kusubiri tu.

Swali la tatu: nani anakula? Programu ya `nethogs`, ukiiendesha kwa `sudo`, inaonyesha kila programu na kiasi inachovuta. Mara nyingi utakuta ni masasisho yanajishusha yenyewe kimyakimya.

Swali la nne ndilo wengi tunaliruka: majina yanatafsiriwa haraka? Kompyuta haijui jina la tovuti, inajua namba. Lazima kwanza iulize seva ya DNS, kama unavyotafuta namba ya mtu kwenye kitabu cha simu kabla ya kumpigia. Kitabu kikichelewa, kila kitu kinachelewa, hata kama barabara ni nyeupe.

Hili nililiona kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja huku Butimba. Maabara ilikuwa na kompyuta za Debian. Kila ukurasa ulikaa kimya, halafu ghafla ukafunguka wote kwa mkupuo. Vipindi vya TEHAMA vilikuwa vimeshageuzwa kuwa vya kunakili ubaoni, na uongozi ulikuwa unafikiria kuchangisha wazazi ili walipie kasi kubwa zaidi. Mimi na mwalimu wa somo tukapima. Rauta safi, nje safi, hakuna anayekula. Tukaandika `time getent ahosts www.tcu.go.tz`: zaidi ya sekunde 5.

Hiyo 5 ilikuwa ushahidi tosha. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 5 kabla ya kuiacha seva ya DNS isiyojibu na kujaribu inayofuata. Tulipofungua faili la `/etc/resolv.conf`, "nameserver" ya kwanza ilikuwa ya mtoa huduma wa zamani, ambaye shule ilishaachana naye. Kila jina lilikuwa linabisha hodi kwanza kwenye nyumba iliyohamwa. Tukafuta mstari ule, jibu likaja chini ya sekunde moja. Kasi kubwa isingesaidia kitu, na mchango haukuitishwa. (Kwenye Ubuntu mpya, seva hizo utaziona kwa `resolvectl status`.)

Kwa hiyo dalili yenyewe inaongea. Ukurasa ukianza kwa kuchelewa kisha ukaja kwa kasi, shuku majina. Ukianza haraka kisha ukajikokota, shuku njia au walaji.

Sisi wa ualimu tutapangiwa shule ambazo fundi yuko wilaya nyingine. Weka daftari, andika namba za ping siku net ikiwa nzuri, ili siku ikiharibika uwe na cha kulinganisha. Mkuu wa shule akiuliza pesa iende wapi, mwonyeshe namba.