Mjane aliyeuza mbingu katika duka la London

Mwishoni mwa Desemba 1740, fundi John Senex alifariki mjini London. Alimwachia mke wake, Mary, duka katika barabara ya Fleet Street, mabamba ya shaba yaliyochongwa, na kazi ambayo wengi waliiona kuwa ya wanaume: kutengeneza matufe ya nyota. Mama huyo hakufunga duka. Aliliendesha kwa muda wa karibu miaka 15.

Tufe la nyota linafanana na lile la dunia tunaloliona darasani, ila juu yake hakuna nchi wala bahari. Kuna nyota tu, pamoja na michoro ya simba, dubu, nge na wawindaji. Michoro hiyo imegeuzwa kama kwenye kioo, kwa sababu anayelitazama tufe ni kama amesimama nje ya mbingu.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Fundi alibandika karatasi zenye gundi, tabaka juu ya tabaka, kwenye mpira wa mbao. Zikikauka, alipasua ganda hilo katikati, akatoa mpira, akaunganisha nusu mbili kwenye mhimili wa mbao, kisha akapaka plasta mpaka tufe likawa laini. Ramani ya mbingu ilichongwa kinyume kwenye shaba nyekundu (madini ambayo mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa), ikachapishwa kwenye vipande vya karatasi, mara nyingi 12, vyembamba kwenye ncha na vipana katikati, kama ganda la chungwa. Hapo ndipo penye ugumu: karatasi ikilowa hutanuka. Kipande kikiteleza kidogo tu, nyota hazikutani tena na jirani zao.

Adui mwingine alikuwa mbingu yenyewe. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na nafasi za nyota kwenye ramani husogea digrii 1 kila miaka 72 hivi. Tufe linazeeka hata likiwa kabatini. Senex alibuni kifaa cha kurekebisha jambo hilo, nacho kilielezwa kwa Royal Society mwaka wa 1738. Alikuwa mwanachama wa chama hicho cha wanasayansi tangu 1728.

Mary hakuweza kuingia humo. Wanawake wa kwanza walikubaliwa mwaka wa 1945. Hata hivyo, mwaka wa 1749 alimwandikia rais wa chama, Martin Folkes, barua juu ya matufe makubwa ya marehemu mume wake, yenye upana wa karibu sentimita 71. Ilichapishwa katika jarida la chama. Kwa mwenye duka, ni tangazo gani lingeshinda hilo?

Baadaye mabamba yalimfikia James Ferguson, Mskoti aliyechunga kondoo utotoni, na usiku akipima nafasi kati ya nyota kwa uzi wenye shanga. Kutoka kwake yakaenda kwa Benjamin Martin, naye akaendelea kuuza matufe yaliyochapwa kwa shaba ileile ya Senex.