Ukitinga Berlin usiishie getini

Wadau, Mbongo akitinga Berlin picha ya kwanza ni ileile: mkono kiunoni, nyuma yake lile geti kubwa la Brandenburg. Piga tu, ni bure. Geti lilijengwa kati ya 1788 na 1791, na njia ya katikati ilikuwa ya watu wa jumba la mfalme, walalahoi pembeni! Juu kuna sanamu ya gari la farasi wanne. Napoleon alipouteka mji mwaka 1806 alilibeba hadi Paris, likarudi 1814. Yaani hata wao wanaujua uchungu wa kubebewa vitu vyao.

Wengi wakishapiga picha wanageuza kwenda kula soseji. Wewe lipe geti mgongo, nyoosha Unter den Linden, kisha kata kulia mtaa wa Wilhelmstraße. Tembea kama robo saa hadi namba 92.

Utaona nini? Karibu hakuna kitu! Majengo ya kawaida na kibao cha maelezo. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Bismarck, na ule Mkutano wa Berlin tuliokariri shuleni ulifanyika humo, kuanzia 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885. Mwafrika hakuwepo hata mmoja.

Ila hapa tuwekane sawa. Wengi tunadhani walikaa na rula wakagawana bara zima pale mezani. Sivyo. Walijadili zaidi biashara kwenye mito Kongo na Niger, na masharti ya kutwaa pwani za Afrika. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, wawili wawili. Ya kwetu ilianza fasta: 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaiser akatoa hati ya ulinzi kwa Carl Peters na wenzake juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami.

Mtaa huohuo ndio ulikuwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Sasa, mwaka 1929 akafika Berlin jamaa mzaliwa wa Dar, Mahjub bin Adam Mohamed, huko akijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa 1904, Vita ya Kwanza akaipigana upande wa Mjerumani akiwa bado mtoto. Baba yake naye alikuwa askari. Alikuja kudai mishahara yao wote wawili. Wizara ikamwambia amechelewa!

Akabaki. Akahudumia mezani, akacheza filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 Wanazi wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke mzungu, wakamtupa kambi ya Sachsenhausen. Akafia humo Novemba 1944.

(Mjusi wetu wa Tendaguru naye yuko Berlin, lakini huyo mnamjua, leo namwacha.)

Kumwona Husen panda treni ya U8, shuka Rosenthaler Platz, nenda Brunnenstraße 193. Usitafute sanamu, tazama chini. Ni kipande cha shaba ya njano, sentimita 10 kwa 10, kilichowekwa mwaka 2007 na watu wanakikanyaga kila siku. Msanii Gunter Demnig ndiye aliyeanzisha kazi hii ya kuviweka mbele ya nyumba walizoishi waliouawa na Wanazi. Beba kitambaa ufute vumbi, jina lisomeke. Na kwa picha ya hapo itabidi uchuchumae.