"Frateri, mkono wangu umekufa": ganzi ya mikono kwa waendesha pikipiki



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Rudewa, na kwa wiki kadhaa nilimwendesha Padre kwa pikipiki kwenda vigangoni. Anayeijua Kilosa anajua kwamba ukishaiacha lami ya barabara ya Dumila unaingia kwenye njia za mashamba: kiangazi ni vumbi, masika ni tope, na katikati ya hayo mawili udongo hukauka ukawa mawimbi mawimbi yanayotikisa hadi meno. Jumapili moja, baada ya mwendo wa saa moja na nusu, niliingia moja kwa moja kutumikia altareni. Nilipochukua kichupa cha maji nilikiona kwa macho kuwa nimekishika, lakini vidole havikuniambia kitu. Kikaniponyoka, kikavunjika.

Baada ya Misa, kijana mmoja wa bodaboda niliyesoma naye shule ya msingi alinicheka, kisha akaacha kucheka. "Frateri, wewe ni leo tu. Mimi mkono wangu unakufa kila usiku." Kwa miezi mitatu alikuwa akiamka kama saa nane za usiku, mkono wa kulia umejaa sindano na moto, anakaa kitandani akiukung'uta kama mtu anayekausha nguo. Mama yake alidhani kachezewa. Jirani alisema ni dalili ya kiharusi. Yeye mwenyewe alinyamaza, kwa sababu pikipiki ni ya mkataba, na tajiri akisikia dereva anaumwa mkono anatafuta dereva mwingine.

Nilipomsimulia tabibu mmoja habari hii, hakuuliza mkono unauma kiasi gani. Aliuliza: "Vidole vipi?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu mtu yeyote anaweza kujiuliza mwenyewe bila kipimo wala senti.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba kama handaki. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo. Paa lake ni utepe mgumu wa kano. Ndani ya handaki hilo hupita kano tisa zinazokunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu, ambao ndio laini kuliko vyote humo. Mshipa huo hupeleka hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Handaki halitanuki. Kano zikivimba kidogo, au kifundo kikikaa kimepinda muda mrefu, kinachobanwa ni mshipa wa fahamu. Madaktari huuita ugonjwa huu kwa jina lenye neno karpali, kutoka neno la Kigiriki karpos, yaani kifundo cha mkono. (Wenzangu wa darasa la Kigiriki msichanganye: katika Agano Jipya karpos ni tunda. Ni maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu.)

Kwa hiyo ganzi ikishika kidole gumba na viwili vinavyofuata, na kidole cha mwisho kikabaki salama, fikiria handaki hilo. Ikishika kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, huo ni mshipa mwingine, unaopita nyuma ya kiwiko na kuingia kiganjani upande wa kidole cha mwisho. Huo hubanwa na kuegemea usukani kwa uzito wa mwili. Waendesha baiskeli za masafa marefu wanaufahamu sana. Vidole vikigeuka vyeupe na baridi baada ya mtikisiko, hapo mishipa ya damu nayo imeguswa.

Rafiki yangu alikuwa na ganzi ya aina ya kwanza, na usiku ndio uliomtambulisha. Tukilala tunakunja vifundo bila kujua, handaki linabana, mtu anaamka, anakung'uta mkono, unapata nafuu. Kipo pia kipimo rahisi kinachoitwa kwa jina la daktari Mmarekani George Phalen: gusanisha migongo ya mikono yako miwili mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, kinyume kabisa cha mikono ya kusali, ukae hivyo kwa sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile, ni ishara nzuri, ingawa si hukumu ya mwisho. Kubanwa kwa mshipa huu kulishaelezwa mwaka 1854 na daktari Mwingereza James Paget, kwa mgonjwa aliyevunjika mfupa karibu na kifundo. Pikipiki zilikuwa hazijazaliwa.

Nalisema hilo kwa makusudi, maana pikipiki haiwezi kubeba lawama yote. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, na wajawazito wengi huuonja. Kisukari, baridi yabisi, unene na udhaifu wa tezi ya shingo huuleta au huuzidisha. Lakini kazi zinazounganisha mtikisiko, kushika kwa nguvu na kifundo kilichopinda zinajulikana kuchangia, na dereva wa bodaboda wa vijijini anazo zote tatu kuanzia alfajiri.

Ushauri wa kwanza wa vitabuni ni "pumzisha mkono". Kwa mtu anayedaiwa hesabu kila jioni, huo si ushauri. Tulichofanya siku ile chini ya mwembe ni kuitazama pikipiki. Klachi na breki zake zilikuwa zimeelekezwa juu mno, hivyo kila alipotaka kuzishika kifundo kilivunjika kwenda nyuma. Kaa kwenye pikipiki yako, nyoosha vidole juu ya klachi, mtu akutazame kwa ubavuni: mkono wa mbele, kifundo na vidole viwe mstari mmoja ulionyooka. Kulegeza nati na kuizungusha klachi kidogo ni kazi ya dakika tano kwa fundi. Waya wa klachi uliokauka nao unadai nguvu ya bure mara mamia kwa siku. Tone la oili linatosha, na ukishachanika nyuzi ubadilishwe. Raba za usukani zilizolika hadi zikateleza humlazimisha mtu abane zaidi. Tairi zilizojazwa upepo kupita kiasi, eti zibebe mishikaki, hupeleka kila jiwe mikononi, na shokapu zilizokufa vivyo hivyo.

Kisha mwili. Waliozoea njia mbaya hawajishikilii kwa mikono: wanabana tangi kwa magoti, na kwenye makorongo wanainuka kidogo juu ya sehemu za kukanyagia, miguu ndiyo ipokee kishindo. Usukani ushikwe kama kifaranga, ukikibana kinakufa, ukikilegeza kinatoroka. Mimi nilikuwa nabana kwa hofu tu, kwa sababu nyuma nimembeba Padre. Kila unaposhusha abiria, achia, fungua na funga vidole mara kadhaa. Mkono wa kulia ndio huteseka zaidi safari ndefu, kwa kuwa eksileta haiachiwi. Kiwiko kikiinuliwa kidogo badala ya kuning'inia, kifundo hakipindi sana wakati wa kuvuta.

Usiku kuna dawa isiyo na gharama kubwa: kulala na kifundo kilichonyooka. Vinauzwa vifaa vya kufunga kifundo vyenye kibao ndani. Ukikosa, mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe kutumia kibao chepesi na bandeji pana, bila kukaza. Ifanye wiki sita hivi kabla ya kuhukumu. Vidonge vya maumivu vya dukani, ambavyo rafiki yangu alikuwa akivimeza kila siku, havijathibitika kusaidia ganzi hii, na vikizoewa huumiza tumbo na figo.

Kuna mambo yasiyongoja wiki sita. Ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili, pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama, ni kiharusi: hospitali saa hiyohiyo. Ganzi ya mikono iliyoanzia miguuni inataka kipimo cha sukari. Ganzi pamoja na baka la ngozi lisilohisi inataka uchunguzi wa ukoma, ambao bado upo nchini mwetu, unatibika, na dawa zake ni bure. Anayetumia dawa za kifua kikuu amweleze mhudumu wake, kwani mojawapo huweza kusumbua mishipa ya fahamu na ipo vitamini ya kuzuia hilo.

Kuna moja zaidi linalostahili kuogopwa. Tazama kile kinofu kilicho chini ya kidole gumba, kwenye kiganja, ulinganishe mikono miwili. Kikianza kubonyea, na kufunga vifungo vya shati kukawa kazi, mshipa umeshabanwa muda mrefu. Hapo hata ukifunguliwa, nguvu zinaweza zisirudi zote. Kabla ya kufika huko, daktari anaweza kuchoma sindano ya kupunguza uvimbe kwenye kifundo, au mpasuaji akakata lile paa la handaki. Ni upasuaji mdogo, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu tu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Anza kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya Kilosa, nao watajua kama ni wa kukupeleka Morogoro au Taasisi ya MOI Dar es Salaam.

Katika somo la roho tunafundishwa kwamba Aristotle aliufananisha uwezo wa akili na mkono, akiuita mkono chombo cha vyombo, na Mtakatifu Thomas akalifafanua hilo. Niliusoma ukurasa ule mwaka wa kwanza nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikaendelea. Nilikuwa sijawahi kushika kitu nisikihisi.

Rafiki yangu nimempigia simu juzi. Klachi imeshushwa, waya ni mpya, anafunga kifundo kila usiku kwa kibao na bandeji. Anaamka mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Kinofu cha kidole gumba kimebaki sawa pande zote mbili, nilimwambia akitazame nikiwa bado kwenye simu. Tajiri hajaambiwa. Kilosa ameahidi kwenda mwezi huu, siku ambayo pikipiki itakuwa gereji.