Kilemba na Mavazi Rasmi ya Kazi

Kondakta wa basi au askari polisi huvaa mavazi rasmi ili watu wamtambue upesi. Lakini yafanywe nini ikiwa dini ya mtu humwagiza afunike kichwa kwa namna yake, na kazi humtaka avae kofia aliyopewa? Jambo hili lilileta ugomvi mkubwa katika nchi ya Uingereza, na yafaa kueleza jinsi lilivyokwisha.

Masingasinga, ambao wengi katika Kenya huwaita Kalasinga, huamrishwa na dini yao wasikate nywele, na wanaume huzifunga ndani ya kilemba. Maelfu yao walipigana pamoja na Waingereza katika vita vikuu viwili vya dunia, wakiwa na vilemba vyao. Hata hivyo, mwaka 1959 Bwana Sundar Singh Sagar alipoomba kazi ya ukondakta katika mji wa Manchester, alikataliwa. Ilipita miaka saba kabla ya mji huo kukubali vilemba katika mabasi yake.

Mwaka 1967, katika mji wa Wolverhampton, dereva Tarsem Singh Sandhu alirudi kazini baada ya ugonjwa, amefuga ndevu na kuvaa kilemba. Aliambiwa aende nyumbani akanyoe. Wakubwa wa mabasi walishikilia kwamba sheria ni moja kwa wote. Masingasinga nao walijibu kwamba kilemba hakimzuii mtu kuendesha basi. Maelfu waliandamana. Mwishowe kiongozi wao, Sohan Singh Jolly, alitangaza kwamba atajichoma moto tarehe 13 Aprili 1969 ikiwa katazo halitaondolewa. Liliondolewa tarehe 9 Aprili, siku nne tu kabla ya siku hiyo.

Dawa yenyewe si ngumu. Mwajiri huchagua kitambaa cha rangi ya mavazi ya kazi, na nembo iliyokuwa katika kofia hutiwa mbele ya kilemba. Polisi wa London nao waliwaruhusu askari wanawake Waislamu kuvaa hijabu mwaka 2001.

Kofia ngumu ni jambo lingine, kwa maana hiyo hukinga uhai. Sheria ya Uingereza iliwaachilia Masingasinga wenye vilemba wasiivae katika pikipiki mwaka 1976, na katika kazi za ujenzi mwaka 1989. Lakini mjenzi aumiaye kichwa hapati fidia ya madhara ambayo kofia ingeyazuia. Haki hiyo ina mzigo wake.

Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 32, yasema kwamba mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya dini yake. Basi mwajiri mwenye busara, kabla ya kumfukuza mtu, hana budi kujiuliza kwanza: je, kofia hii ni ya kumtambulisha mfanyakazi, au ni ya kumkinga? Ikiwa ni ya kumtambulisha tu, nembo juu ya kilemba yatosha.