Hati za Askari ni Amana ya Mjane na Mayatima

Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang yuko mzee, au alikuwako, aliyepata kuvaa nguo za jeshi. Huyu babu yake alipigana Burma mwaka 1944. Yule baba yake aliingia Uganda na Jeshi la Wananchi mwaka 1979. Watoto huyasimulia hayo kwa fahari. Lakini ukiwauliza cheti cha kuachishwa jeshi kiko wapi, hutazamana. Jambo hili si dogo, kwani siku mzee atakapofariki, hadithi haitamlisha mjane wake. Kitakachomsemea ni karatasi.

Dini yetu ilitutangulia zamani katika hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo ni ya 282 katika Sura Al-Baqara, yahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, na yatufundisha tusichoke kuandika, jambo likiwa dogo au kubwa. Tena Sayyidna Umar bin Khattab, aliyekuwa Khalifa tangu 634 hata 644, ndiye aliyeanzisha Diwani, daftari la majina ya maaskari na watu wao, na fungu la kila mmoja. Wasimulizi wasema kwamba usiku mmoja alimsikia mtoto mchanga akilia. Mama yake alikuwa akimwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa fungu lilitolewa kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa tu. Umar akaamuru watoto waandikwe tangu kuzaliwa. Tazameni basi: riziki ya mtoto yule ilitegemea mstari mmoja wa daftari.

Na wasioandikwa huwaje? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa juu ya vita vya 1914 mpaka 1918. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi. Karne moja imepita, na wajukuu wao hawana pa kushika.

Huku kwetu liko tatizo jingine, nalo ni la majina. Lugha ya Kiiraqw ina sauti zisizokuwamo katika Kiswahili, nyingine zikifanana na 'ain na ha ya Kiarabu. Karani mgeni aliziandika alivyosikia. Majina ya Wadatoga yaanzayo na Gida nayo yalipata maandiko mbalimbali. Tena wako walioandikishwa kwa jina la ukoo, kisha wakasilimu, na leo mtaani wajulikana kwa jina la Kiislamu tu. Mzee akifa, cheti cha jeshi chasema hivi, kitambulisho cha taifa chasema vile, na cheti cha kifo chasema jina la tatu. Mjane atamthibitishiaje karani kwamba hao wote ni mume wake mmoja? Dawa yake ni kiapo cha majina mbele ya hakimu au wakili, nacho chaapwa na mwenyewe angali hai.

Aliyetumika katika Jeshi la Wananchi, naye amepoteza hati zake, kwanza apate taarifa ya upotevu kutoka polisi. Kisha aende ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Mbulu au Katesh, amwone Mshauri wa Mgambo, ambaye ni mtu wa jeshi, ili amwonyeshe barua ipelekwe wapi. Katika barua ataje namba yake ya jeshi, jina aliloandikiwa, kikosi, cheo, mwaka wa kuingia na mwaka wa kutoka. Namba ya jeshi ndiyo ufunguo. Mwenye kuikumbuka amekwisha fika nusu ya njia.

Kwa waliopigana katika King's African Rifles hata 1945, kazi ni ngumu zaidi, na leo waulizao ni watoto na wajukuu. Aliyekufa vitani aweza kutafutwa bila malipo, kwa jina, katika orodha ya Tume ile ya Makaburi, iliyomo katika intaneti. Aliyerudi salama hayumo humo. Huyo atafutwe katika mafaili ya utawala wa kikoloni yaliyohifadhiwa na Nyaraka za Taifa. Na habari za medali huulizwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza.

Kupata si mwisho, kuna kutunza. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu, na nyumba zilikwenda na vyote vilivyokuwamo. Msiba ule watufundisha kwamba karatasi moja katika sanduku moja si akiba. Hati ya asili na ifungwe katika mfuko usiopenya maji. Nakala zilizothibitishwa ziwe mbili: moja kwa mtoto akaaye mji mwingine, moja kwa ndugu mwaminifu. Picha ya hati iwekwe katika simu za watoto, lakini asipewe kila apitaye akijiita wakala wa mafao.

Pamoja na hati hizo ziwekwe cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wengi wetu tulifunga ndoa kwa sheikh, mashahidi wakashuhudia, na karatasi haikuandikwa. Ndoa ni sahihi mbele ya Mungu, lakini mashahidi hufa, na mjane hubaki peke yake mbele ya meza ya karani.

Enyi vijana, msingojee msiba. Ijumaa hii, baada ya sala, kaeni na mzee wenu, kalamu mkononi, mumwulize namba yake, kikosi chake, na jina aliloitwa kwenye gwaride. Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza mtu asilale siku mbili bila kuandika wasia wake. Kumsaidia mzee kuuandika ni katika kuwatendea wema wazazi. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe walinzi wema wa amana. Amin.