Themostati Haikuwekwa kwa Ajili ya Baridi ya Ulaya

Swali hili limenifikia mara nyingi mno, na kwa maneno yaleyale, hata nimeona heri nilijibu kwa kalamu kuliko kulirudia kwa mdomo kila juma: lori limeshusha mzigo Lubumbashi au Lusaka, linarejea, injini ikaanza kugonga njiani na kufa, dhamana ya kiwanda imekwisha miezi michache tu iliyopita, na mwenye mali, hali ameshika ankara ya mamilioni, auliza kama hakuna njia ya kumbana mtengenezaji alipe. Kabla sijafumbua kinywa huongeza mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba lori lake lilitunzwa barabara, kwa kuwa mara lilipotoka mikononi mwa wakala fundi wa mtaani aliliondolea themostati, maana hicho ni kitu cha nchi za baridi, na sisi wa Kigamboni, katika pwani hii ya joto, hatuna haja nacho.

Hapo ndipo subira inaponitoka. Joto la Dar es Salaam, hata Februari jua likiwa la utosi, aghalabu ni nyuzi 32 au 33. Maji yaliyomo ndani ya injini ya dizeli ya lori yanatakiwa yapate nyuzi 80 na ushei ndipo injini ifanye kazi kama ilivyokusudiwa. Kwa injini, basi, Mjimwema saa saba mchana ni mahali pa baridi, sembuse Makambako alfajiri ya mwezi Julai.

Ndani ya themostati mna kibweta kidogo chenye nta. Nta ikipata moto hutanuka, ikasukuma kizibo kikafunguka, maji yakaenda kwenye rejeta kupozwa. Na katika malori mengi makubwa, chombo hichohicho kinapofungua upande wa rejeta huziba kwa chini njia ya pili, ile ya mkato, inayoyarudisha maji kwenye pampu bila ya kuonja upepo. Habari ya njia hii ya pili sijamsikia hata mmoja wa wanaonipa darsa akiitaja. Ukiing'oa themostati, mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani kwa ndani. Kisha siku lori linapopanda Kitonga, limejaa mafuta yaliyopakiwa kwenye maghala ya hapa Kigamboni, mwendo wa polepole, upepo haba, ndipo linapochemsha kuliko lilivyopata kuchemsha hapo kwanza.

Penye tambarare mambo huwa kinyume chake, nayo ni mabaya zaidi kwa kuwa hayaonekani. Injini iliyo baridi haiunguzi dizeli yote. Isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda, ikaosha oili inayozilinda ringi, ikaingia chini kwenye sampu na kuifanya oili kuwa nyepesi. Chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse: kikinuka dizeli, na oili imepita alama ya juu ilhali hakuna aliyeiongeza, umekwisha kupata habari (nozeli mbovu nayo huleta dalili hiyo, kwa hiyo zipimwe). Oili ya namna hiyo haiwezi kubeba krenki; metali hukwaruzwa, zikagonga, na mwisho wa kugonga ni koneki rodi kutoboa bloku ikachungulia nje. Mwenye mali husema injini imekufa ghafla, naye amekuwa akiiua kwa safari kadhaa.

Itikadi hii ilipata nguvu kwa sababu themostati mbovu, iliyogoma ikiwa imefungwa, huchemsha gari kweli, na ikitolewa gari hupoa, fundi akasifiwa. Lakini kuitupa kabisa kwa sababu moja iligoma ni sawasawa na kung'oa mlango wa nyumba kwa kuwa komeo limeshika kutu. Na mara nyingi haikuwa mbovu hata kidogo: kilichoziba ni rejeta, iliyojazwa maji ya kisima mwaka baada ya mwaka, na maji ya visima vingi vya Kigamboni yana chumvi, kama ajuavyo kila aliyeyaoga. Kuijaribu themostati hakutaki chuo: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uweke jikoni, ikianza kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake, ni nzima, isipofunguka, nunua mpya, wala bei yake haifiki hata chembe ya ankara ile.

Ama kuhusu dhamana, kwisha kwake hakufuti haki zote: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina masharti juu ya ubora wa kitu kilichouzwa na kufaa kwake kwa kazi, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Lakini mdai ndiye athibitishaye kwamba kasoro ilitoka kiwandani, na mtaalamu wa upande wa pili akifungua nyumba ya themostati akaikuta tupu, hana haja ya kuendelea kufungua.

Waliokwisha kufikwa, haya upesi upesi. Usiwashe tena, wala usikubali injini ifunguliwe kando ya barabara. Mwandikie wakala, ambatanisha kumbukumbu zote za sevisi, uombe hisani. Ikiwa muda umepita kidogo na karatasi ni safi, huenda akachangia spea. Hifadhi vipande vilivyovunjika, na oili ya zamani kwenye chupa safi. Bloku ikiwa nzima, krenki ipimwe, ichongwe kipimo kikiruhusu, na slivu, pistoni, ringi, metali na pampu ya oili viwe vipya. Bloku ikiwa imetoboka, usiichomelee. Injini ya mtumba ya Gerezani usiinunue kwa kuoneshwa video ya simu. Dai iwashwe mbele yako, ipate moto, mgandamizo upimwe. Na ukiisha kuifunga, peleka nyaraka TRA kabla ya safari namba ya injini ibadilishwe katika kadi, kwa maana askari wa Tunduma aonaye namba mbili zisizolingana hatakaa kusimuliwa habari za koneki rodi.